Kabla ya Kiwanda, Tundu: Hesabu ya Udongo Uliozikwa Pwani ya Moa

Viwanda vya saruji vilifuata chokaa Tanga. Mawe ya chokaa ya zama za Jura, yaleyale yaliyoliwa na maji hadi yakaacha mapango ya Amboni, ndiyo yaliyokiweka kiwanda cha Pongwe pale kilipo, kikaanza kuzalisha mwaka 1980, na ndiyo yaliyokivuta kiwanda cha Maweni baadaye. Mwaka 2017 kampuni mbili za China, Sinoma na Hengya, zilitangaza nia ya kujenga kiwanda kingine kikubwa wilayani Mkinga. Katika mazungumzo ya namna hii chokaa hutangulia kutajwa. Udongo huonwa kama kitu kilichopo tu, cha kuchotwa popote palipo karibu na tanuri.

Fikra hiyo imepitwa na wakati. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, watafiti wakiongozwa na Karen Scrivener wa Lausanne, Uswisi, na Fernando Martirena wa Cuba, pamoja na wenzao wa India, wamekuwa wakieneza saruji ambayo nusu tu ya uzito wake ni klinka, yaani chokaa na udongo vilivyopikwa pamoja, kiungo kikuu cha saruji ya kawaida. Asilimia 30 ni udongo uliochomwa, 15 ni chokaa mbichi, na 5 ni jasi. Klinka hupikwa kwa nyuzi 1,450 za Selsiasi. Udongo huiva kati ya nyuzi 700 na 850. Kuni, makaa au gesi hupungua, na hewa ukaa hupungua kwa hadi asilimia 40. Abidjan, Kodivaa, na Tema, Ghana, tayari wanachoma udongo kwa ajili ya saruji. Katika Afrika Mashariki, viwanda vingi vimeegemea majivu ya volkeno kupunguza klinka, na majivu hayo yako sehemu kama Arusha na pembeni mwa Kilimanjaro, mbali na bahari. Pwani ya Tanga haina volkeno, ila ina udongo.

Lakini ni udongo gani? Uko kina gani, unene wake mita ngapi, na una nini ndani yake? Maswali hayo hayajibiwi kwa kutazama ukingo wa korongo wala kwa kuokota bonge barabarani. Yanajibiwa kwa kuchoronga ardhi kwa mpangilio, na mpangilio wenyewe hautoki ardhini: unatoka kwenye matumizi yaliyokusudiwa. Anayeanza kuchoronga bila kujua anamtafutia nani udongo atatoka na masanduku ya sampuli na hoja dhaifu.

Moa ni mahali pazuri pa kulipimia jambo hili, kwa sababu ni pagumu. Kata hii ya Mkinga iko kwenye ghuba, kusini kidogo tu ya mpaka wa Kenya, katika nchi ya Wasegeju na Wadigo, ambako watu wanaishi kwa uvuvi, nazi, muhogo na chumvi. Ukitoka baharini kwenda bara, ardhi hubadilika kwa hatua. Kwanza mikoko na tope lake la kijivu. Kisha tambarare ya mchanga na udongo juu ya miamba ya matumbawe, masalia ya bahari iliyokuwa juu zaidi ya ilivyo leo, kama miaka 125,000 iliyopita. Mbele yake kuna miamba ya kale zaidi, mawe ya mchanga na ya tope ya zama za Karuu. Mwisho kabisa, vilima na milima ya Usambara, ambako mvua za mamilioni ya miaka zimeigeuza miamba migumu kuwa udongo mwekundu. Kila hatua ina udongo wake, na si wote una faida kwa kiwanda.

Jina la udongo mfinyanzi linabeba madini ya tabia tofauti kabisa. Kaolinaiti huzaliwa mahali maji yanapopita kwa wingi na kuosha chumvichumvi zote. Ikiwa safi huwa na alumina asilimia 39.5, na ikichomwa hupoteza kama asilimia 14 ya uzito wake. Hii ndiyo ya vyombo vyeupe, ya karatasi na ya saruji mpya. Smektaiti huzaliwa mahali maji yanapotuama. Ndiyo inayoufanya udongo mweusi wa mbuga uvimbe masika na kupasuka kiangazi, na hufaa kwa tope la kuchorongea visima vya mafuta na kwa kuziba mabwawa. Iliti iko katikati, na hufaa matofali na vigae. Jicho haliwezi kuzitenganisha.

Wafinyanzi wa eneo hili walilijua hilo kwa mikono yao kabla ya maabara yoyote. Vyungu vya Kwale, vilivyopewa jina la eneo la Kwale ng'ambo ya mpaka baada ya Robert Soper kuvieleza mwaka 1967, ni vya karne za mwanzo baada ya Kristo, na vya aina hiyohiyo vimepatikana pia upande wa Tanga na Usambara. Aliyevifinyanga alijua udongo unaopasuka ukikauka na unaostahimili moto. Ila mfinyanzi anahitaji shimo moja zuri, na likiisha anahamia jingine. Kiwanda kinataka udongo wa sifa ileile kwa miaka 20 au 30, tani baada ya tani, na hapo ndipo maarifa ya mkono yanapofika mwisho wake.

Tanzania ina funzo kubwa nyumbani, na jina lake ni Pugu. Vilima vya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, vina mawe ya mchanga yaliyojaa kaolini, na hesabu zinazonukuliwa ni za mabilioni ya tani. Uchimbaji ulianza enzi za Wajerumani, na mapango ya machimbo hayo leo ni makao ya popo. Watafiti wa nchini wameupima udongo huo kwa makini. Mmoja wao, Leonard Akwilapo, ambaye baadaye alikuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Elimu, alichapisha na K. Wiik mwaka 2003 na 2004 uchunguzi wa vinyweleo na uimara wa kauri zilizotengenezwa kwa kaolini ya Pugu. Pamoja na hayo yote, Pugu haijawahi kuwa kitovu cha viwanda kama ukubwa wa hesabu zake unavyoahidi.

Sababu mojawapo iko ndani ya mwamba wenyewe. Sehemu kubwa ya kila tani inayochimbwa Pugu ni mchanga wa kwatzi, ambao lazima uoshwe utoke kabla kaolini haijauzwa. Kuosha kunataka maji, mitambo, mabwawa ya kutulizia na mahali pa kuutupa mchanga. Juu ya hazina hiyo kuna msitu wa hifadhi wenye viumbe wasiopatikana kwingine, na jiji linazidi kuusogelea. Tani zilizomo ardhini ni nyingi; tani zinazoweza kutoka, zikaoshwa, zikasafirishwa na kuuzwa kwa faida ni hesabu nyingine. Moa ikianza kwa kutangaza tani, itakuwa imerudia kosa hilohilo.

Basi kazi yenyewe hufanywaje? Hatua ya kwanza ni ya bei nafuu, na ni keekee ya mkono: parafujo ndefu ya chuma ambayo watu wawili huizungusha hadi ishuke mita tano, pengine kumi kwenye ardhi laini. Inatosha kujua kama chini ya mchanga kuna udongo au hakuna. Ikifika kwenye maji au kwenye jiwe la matumbawe, inakwama. Hapo unahitajika mtambo, na uchaguzi wa mtambo ndio unaoamua kama sampuli itasema kweli.

Mtambo wa kupuliza hewa huleta juu vipande na vumbi, haraka na kwa gharama ndogo, lakini udongo mbichi hugandamana kwenye mabomba na tabaka moja huchanganyika na lingine. Mtambo wa kukata mche mzima kwa taji la almasi hutumia maji kupoza na kusafisha, na maji hayo huondoka na chembe laini, yaani kile hasa kinachotafutwa. Sampuli ikifika juu ikiwa imebaki mchanga mtupu, mjiolojia asiye makini ataandika kuwa tabaka ni la mchanga. Dawa yake ni bomba la tabaka tatu, ambalo huukumbatia mche wa udongo bila kuuzungusha wala kuuosha, na kuchoronga polepole kwa maji kidogo. Kila mita iliyoshuka hulinganishwa na urefu wa mche uliotoka. Ukishusha mita moja na nusu ukapata sentimita 90, kuna sentimita 60 zisizojulikana, na uaminifu unataka ziandikwe hivyo.

Matundu hupangwa kwa gridi. Mwanzoni huwa mbali, mathalani mita 400 kati ya moja na jingine, kisha hukaribiana hadi 200, 100 au chini ya hapo kadiri tabaka linavyoonyesha matumaini. Kukaribiana huko kuna sababu kwenye pwani ya aina hii: udongo uliotuama kwenye mkondo wa zamani wa mto au kwenye wangwa wa kale huwa mwembamba na wenye kupinda. Tundu moja linaweza kukata mita sita za udongo mzuri, na lililo hatua mia kando yake lisikute kitu.

Chukua mfano wa hesabu. Eneo la mita 200 kwa 200 lenye udongo wa wastani wa mita nne lina mita za ujazo 160,000. Kwa uzito mkavu wa tani 1.6 kwa kila mita ya ujazo, hizo ni tani 256,000. Kaolinaiti ikiwa asilimia 40, kilichomo ni tani 102,400. Sasa unene ukiwa umekosewa kwa mita moja tu, kwa sababu mtambo uliosha sehemu ya mche au kwa sababu gridi ilikuwa pana mno, robo ya hazina imepotea kwenye karatasi kabla koleo halijagusa ardhi. Ndiyo maana kanuni kama za JORC, zinazofuatwa na kampuni za Australia, hutenganisha rasilimali kwa madaraja ya uhakika, kuanzia ya makisio hadi iliyopimwa, kulingana na ukaribu na ubora wa matundu. Uganda ina mfano hai: Makuutu, mashariki mwa nchi hiyo, ambako udongo wenye madini adimu umejificha chini ya ganda gumu la ardhi nyekundu. Makadirio ya mwaka 2022 yalifika tani milioni 532, na leseni ya uchimbaji ikatolewa mwaka 2024. Kwa nje, Makuutu ni mashamba kama mengine. Thamani yake ilijengwa tundu kwa tundu.

Maabara ndiyo inayohukumu. Miale ya eksirei hutambua ni madini gani na kwa kiasi gani, na vipimo vya kemia hutoa alumina, silika, titani na oksidi ya chuma. Sampuli hukaushwa, hufinyangwa, huchomwa, kisha hupimwa rangi, mnyauko na uimara. Hapa ndipo tundu lilelile linapotoa majibu mawili yanayopingana. Udongo wenye chuma cha asilimia tano au sita hauwezi kutengeneza sinki jeupe, na mnunuzi wa kiwanda cha karatasi hatauangalia mara mbili. Kwa saruji ya udongo uliochomwa, chuma hicho hubadilisha rangi tu. Kinachohesabiwa ni kaolinaiti, na asilimia 40 inatosha. Udongo mwekundu unaoshuka kutoka Usambara, ambao mtafuta kaolini nyeupe angeupita bila kugeuka, unaweza kuwa ndio mali yenyewe. Mradi uliochoronga kwa nia ya kaolini ya vyombo tu ungefunga hesabu kwa kuandika kuwa eneo halifai.

Upande wa baharini kuna tatizo zito zaidi, nalo ni chumvi. Kiwango cha saruji cha TZS 727, kinachofuata kile cha Ulaya cha EN 197-1, kinataka kloridi isizidi asilimia 0.10 ya uzito wa saruji, kwa sababu kloridi huozesha nondo ndani ya zege. Maji ya bahari yana kloridi karibu gramu 19 kwa lita. Udongo wa wangwani wenye kilo 30 za maji hayo kwa kila kilo 100 za udongo mkavu hubeba kloridi ya asilimia 0.57. Ukiwa asilimia 30 ya saruji, peke yake unachangia asilimia 0.17, na kipimo kimeshavukwa. Tanuri la nyuzi 800 haliiondoi chumvi yote. Udongo huo ungelazimika kuoshwa kwa maji baridi, na kuimwaga akiba ya maji baridi ya pwani kuoshea tope ni jambo lisilostahili hata kupendekezwa.

Tope la mikoko lina siri nyingine. Ndani yake, mahali pasipo na hewa, mna pairaiti, madini ya chuma na salfa. Likiwa limefunikwa na maji halina neno. Likifukuliwa na kupigwa na hewa, salfa hugeuka asidi, asidi huingia kwenye vijito, na samaki na kaa hufa. Kwenye tanuri, salfa hiyohiyo hutoa moshi mkali na kuyafanya matofali yavimbe na kuwa meusi ndani. Mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi ya misitu, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Kwa sababu za sheria, za kemia na za riziki ya wavuvi, ukanda huo uachwe. Matundu yaanzie kwenye tambarare iliyoinuka, ambako mvua za maelfu ya miaka zimekwisha kuiosha chumvi, na yaelekee bara. Hata huko, kila tundu lipimwe chumvi kwa kina, maana maji ya bahari huingia chini ya ardhi asipotarajia mtu.

Kuna wanaotegemea ndege. Serikali, kupitia mpango wake wa Vision 2030, imelenga kupanua upimaji wa kina wa kijiofizikia kwa ndege kutoka asilimia 16 ya nchi hadi asilimia 50 ifikapo mwaka 2030. Ni hatua njema. Kwa dhahabu na nikeli itafungua milango mingi. Kwa udongo wa pwani, tahadhari inahitajika: vifaa vinavyopima upitishaji wa umeme huona udongo na maji ya chumvi kwa namna moja, kwa kuwa vyote viwili hupitisha umeme vizuri. Ramani itaonyesha doa, na doa hilo linaweza kuwa bahari iliyopenya chini ya mchanga. Hakuna njia ya mkato ya kulikwepa tundu.

Chanzo kingine cha taarifa kiko karibu zaidi, na hakitumiki ipasavyo. Visima vya maji vilivyochimbwa vijijini kwa miaka mingi vina fomu za uchimbaji, na kila fomu inaeleza tabaka zilizopitwa. Mchimba maji anatafuta mchanga wenye maji, na chochote kinachonata hukiandika kuwa udongo, basi. Fomu hizo haziwezi kutoa hesabu ya tani. Ila zinaweza kumwonyesha mtafiti mahali pa kuweka matundu yake ya kwanza, na kumwokolea fedha. Kuzikusanya za Mkinga yote na kuzilinganisha na ramani za Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, ambayo mizizi yake ni idara iliyoanzishwa mwaka 1925, ni kazi ya miezi michache kwa vijana wawili wa chuo.

Mitambo nayo si adimu kama zamani. Mwaka 2023 Shirika la Madini la Taifa, STAMICO, lilipata mitambo mitano ya uchorongaji kwa ajili ya wachimbaji wadogo, na mingine ikafuata. Iliyo mingi imekusudiwa kwenye dhahabu, na ni rahisi kuelewa kwa nini. Gramu za dhahabu hulipa deni la tundu haraka. Udongo ni mali ya bei ndogo kwa tani, kwa hiyo gharama ya kuutafuta lazima iwe ndogo na iwe imepangwa vizuri tangu mwanzo. Leseni ndogo ya uchimbaji haizidi hekta 10 na ni ya Mtanzania tu. Mwenye nayo hawezi peke yake kugharamia matundu 40 na vipimo vyake. Wenye leseni kadhaa wakiungana kwenye gridi moja, na kiwanda cha Pongwe au Maweni kikichangia maabara kwa kuwa ndicho kitakachonunua, hesabu inaanza kuwezekana.

Nishati ina neno pia. Kiwanda cha vigae cha Goodwill kule Mkuranga kinatumia gesi asilia ya bomba linalotoka Mtwara. Bomba hilo halijafika Tanga. Kiwanda cha vigae Mkinga kingelazimika kuchoma makaa ya mawe yaliyosafirishwa kutoka kusini, huku kikishindana na vigae vya Mkuranga na Chalinze vilivyokwisha kuzoeleka sokoni. Tanuri la saruji liko tayari Tanga, na bandari imeongezewa kina hadi mita 13. Ukiyaweka pamoja, udongo wa kuchomwa kwa saruji una nafasi kubwa kuliko wa kauri, na uchorongaji wa kwanza ungepaswa kuulenga huo.

Mwenye shamba la minazi ana haki zake kabla mtambo haujafika. Leseni ya utafiti, ambayo kwa mara ya kwanza hutolewa kwa miaka minne, haimruhusu mtu kuingia kwenye shamba la mwingine bila ridhaa yake. Ridhaa hiyo iombwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa lugha inayoeleweka, na tofauti ya utafiti na uchimbaji ielezwe wazi. Mara nyingi watu wameona mtambo ukaja, ukatoboa, ukaondoka, wasiambiwe kilichoonekana. Matokeo ya matundu yaliyochorongwa kwenye ardhi ya kijiji yabandikwe ofisi ya kijiji, hata yakiwa mabaya. Kijiji kinachojua kuwa udongo wake una mita tano na kaolinaiti ya kutosha kitajadiliana na mwekezaji kikiwa na namba mkononi. Kinachojua kuwa udongo wake una chumvi hakitauza mashamba yake kwa ahadi ya kiwanda kisichokuja.

Na kila tundu lizibwe. Pwani ya Moa hunywa maji yanayoelea juu ya maji ya chumvi, yakitenganishwa mahali pengine na tabaka lilelile la udongo ambalo mtafiti amelitoboa. Tundu lililoachwa wazi ni mlango wa chumvi kupanda hadi kwenye visima. Kulijaza kwa bentonaiti, yaani udongo wa smektaiti, na saruji kutoka chini hadi juu huchukua saa chache, na gharama yake iwekwe kwenye mkataba wa mchorongaji kabla mtambo haujaingia Mkinga, pamoja na sharti kwamba malipo ya mwisho hayatoki hadi mtendaji wa kijiji ahesabu matundu na kutia saini kuwa yote yamefungwa.